Namna Sisi Saba wa Kirumba Tunavyonunua Vitabu Vipya vya Jalada Gumu

Mimi ni fundi cherehani hapa Kirumba, karibu na barabara inayoshuka soko la samaki la Mwaloni. Juu ya meza yangu ya kukatia kuna rafu moja ya mbao yenye vitabu 23 vya jalada gumu. Wateja wanaokuja kupimwa gauni huuliza kama navyo ninauza. Siuzi. Ni mali ya watu saba, na vyote tulivinunua kwa kuchanga vikiwa bado vipya, wakati huko Marekani na Uingereza bado vinatajwa kwenye orodha za vitabu vinavyouzika zaidi. Swali linalofuata huwa ni lile lile: "Mnavipataje hapa Mwanza?" Nimelijibu mara nyingi mno nikiwa na pini mdomoni, kwa hiyo leo nimekaa kuliandika jibu lote.

Nianze na pesa, maana ndipo wengi hukata tamaa. Kitabu kipya cha jalada gumu huko Marekani huuzwa karibu dola 30. Hiyo ni zaidi ya shilingi 70,000 kabla hujalipa usafiri. Kwa mtu mmoja wa kipato chetu ni mzigo. Kwa watu saba si mzigo. Kila mwezi kila mmoja wetu hutoa 5,000, mwezi unaingiza 35,000, na baada ya miezi mitatu tunakuwa na 105,000: bei ya kitabu kimoja pamoja na gharama za kukifikisha. Tulianza mwaka 2019. Kuna mwalimu wa sekondari kutoka Nyegezi, nesi, dereva wa bajaji, mama anayeuza dagaa Mwaloni, mzee mstaafu wa bandari, kijana anayeishi Nansio kule Ukerewe, na mimi mhazini. Ni kama upatu wowote ule, isipokuwa hapa anayepokea ni rafu. Chagua mhazini ambaye duka lake halihami, na kila senti iandikwe kwenye daftari mbele ya mtoaji.

Kwa nini jalada gumu, na si lile laini la bei nafuu? Wachapishaji wa Marekani kwa kawaida hutoa kitabu kikubwa kwanza kwa jalada gumu, mara nyingi siku ya Jumanne, na jalada laini hufuata baada ya kama mwaka mmoja. Anayetaka kusoma sasa hulipia haraka yake. Kama huna haraka na unasoma peke yako, subiri laini, utaokoa karibu nusu ya pesa. Sisi tuna mikono saba, na mmoja wetu hupokea kitabu kwa meli. Jalada laini likipita mikono mitatu tu hurudi limejikunja kama chapati.

Sasa orodha yenyewe. Inayotajwa kuliko zote ni ya gazeti la New York Times. Ilianza Oktoba 1931 ikiwa na vitabu vichache tu na ikihesabu mauzo ya mji wa New York peke yake. Mwaka 1942 ikawa ya nchi nzima. Siku hizi kwa jalada gumu kuna orodha mbili zenye vitabu 15 kila moja: moja ya hadithi za kubuni, nyingine ya mambo halisi, yaani historia, siasa, maisha ya watu, sayansi. Sisi hupokezana. Robo hii riwaya, robo ijayo mambo halisi, hakuna kugombana.

Watu huangalia namba moja tu kisha wanafunga simu. Hapo ndipo wanapokosea. Orodha inahesabu mauzo ya wiki moja, Jumapili mpaka Jumamosi, kwa taarifa za maduka yaliyochaguliwa. Haikuambii kitabu kimeuza nakala ngapi tangu kitoke. Kitabu kinachoshika namba nane katika Desemba, Wamarekani wanapopeana zawadi, kinaweza kuwa kimeuza kuliko namba moja wa wiki iliyolala. Tena, oda zote ambazo watu waliweka miezi kabla huhesabiwa wiki ile kitabu kinapotoka. Kwa hiyo namba moja wa wiki ya kwanza anakuonyesha kwamba mwandishi ni maarufu, basi. Waliosoma bado hawajapata nafasi ya kumwambia jirani.

Mimi natazama sehemu inayosema kitabu kimekaa wiki ngapi kwenye orodha. Kanuni yetu ni wiki sita. Kikifika wiki ya sita bado kimo, hata kama kimeshuka hadi namba 12, maana yake msomaji mmoja amemwambia mwingine. Hicho ndicho tunachokitafuta. Kumbukumbu za maisha za Michelle Obama zilitoka Novemba 2018, na kufikia Machi 2019 zilikuwa zimeuzwa nakala zaidi ya milioni 10 duniani. Kitabu cha namna hiyo hakihitaji ukikimbilie wiki ya kwanza, utakikuta palepale.

Kuna alama ndogo pia, umbo la jambia lililosimama, ambayo wakati mwingine huwekwa kando ya jina la kitabu. Inamaanisha kwamba baadhi ya maduka yameripoti oda za jumla: mtu, kampuni au chama kimenunua mamia kwa mkupuo. Si lazima kitabu kiwe kibaya. Lakini mimi nikiiona alama hiyo, kitabu kinarudi nyuma ya foleni, kwa sababu fedha yetu inafuata wasomaji, haifuati mnunuzi mmoja mwenye bohari.

Na vitabu vya ushauri, vya kupika, vya kupunguza uzito, vya kutafuta utajiri vina orodha yao tangu mwaka 1984. Mtu akikwambia kitabu fulani cha biashara ni namba moja, muulize: namba moja kwenye orodha ipi?

Maneno ya juu ya jalada nayo yasome polepole, neno kwa neno. Mara nyingi yanasema "kutoka kwa mwandishi wa" kitabu fulani kilichouzika sana. Hapo sifa ni ya kile kitabu kingine, siyo hiki ulichoshika. Na kitabu kilichokaa wiki moja tu mkiani mwa orodha kina haki ya kujiita bingwa wa mauzo maisha yake yote. Tuzo ni jambo jingine tena. Mwaka 2021 Abdulrazak Gurnah, mwandishi mzaliwa wa Zanzibar, alipopata Nobel ya fasihi, mzee wetu wa bandari aliuliza kwa nini hakuwa amemwona kwenye orodha zetu za mauzo. Tuzo hutolewa na majaji, orodha hutengenezwa na mauzo. Kitabu kizuri sana kinaweza kupita miaka bila kukanyaga orodha. Mwaka uliofuata, chenji iliyobaki kwenye daftari ilitununulia *Peponi*, riwaya yake iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis na kutolewa na Mkuki na Nyota. Orodha ya Marekani haioni rafu za Dar es Salaam, kwa hiyo macho ya huku lazima yawe yetu wenyewe.

Baada ya kuchuja, hubaki vitabu viwili au vitatu. Usinunue kwa sifa. Maduka ya vitabu ya mtandaoni huruhusu kusoma kurasa za mwanzo bure. Jumapili saa kumi jioni mwalimu anatusomea kurasa kumi za kila kitabu kwa Kiingereza, akisimama kila baada ya aya na kueleza kwa Kiswahili. Kisha tunapiga kura kwa vifungo: cheusi kitabu cha kwanza, cheupe cha pili, vinaingia kwenye kopo la uzi. Mama wa dagaa hajasoma zaidi ya darasa la saba, na ndiye anayetambua haraka kuliko sisi wote kama mwandishi ana hadithi au ana maneno tu. Kura yake naiheshimu.

Wakati wa kuagiza, usitume jina la kitabu peke yake. Tuma ISBN, yaani namba ya utambulisho wa kitabu iliyo nyuma ya jalada. Jalada gumu lina namba yake, jalada laini lina namba yake, toleo la Uingereza mara nyingi lina namba nyingine kabisa. Mara ya kwanza sisi tulituma jina, tukalipia gumu, tukaletewa laini, na muuzaji hakuwa na kosa kwa sababu jina ni lile lile. Tangu hapo naandika tarakimu 13 kwenye ujumbe na kumwomba muuzaji azirudie kwa kuziandika yeye mwenyewe. Sisi huagiza kwa njia mbili: kwa ndugu anayesafiri kutoka nje, au kwa muuza vitabu wa Dar es Salaam anayekubali kuagiza, na kifurushi kinapanda basi. Mwambie afunge kwa boksi gumu na pembe nne azijaze magazeti. Pembe za jalada ndizo hufa safarini.

Kuna mwaka tuliumia. Muuzaji mmoja, simtaji, alituletea kitabu cha historia kwa bei ya chini kidogo, jalada gumu kweli, linang'aa. Nesi alipofika ukurasa wa 40 alikuta ukurasa wa 57. Kumbe ilikuwa nakala ya wizi: kurasa zilizopigwa picha, zikakatwa, zikabandikwa gundi ndani ya jalada. Pesa hatukuipata. Nilijilaumu kuliko wenzangu wote, kwa sababu kazi yangu ni kuangalia mishono na sikuwa nimeangalia. Tangu siku hiyo hakuna kitabu kinachoingia rafuni kabla sijakikagua kama ninavyokagua suti ya mtumba kutoka Mlango Mmoja.

Ukaguzi wenyewe uko hivi. Kwanza namba. Kokotoa ISBN kwa kalamu, ni dakika mbili. Chukua tarakimu 12 za mwanzo, ya kwanza izidishe kwa 1, ya pili kwa 3, ya tatu kwa 1, ya nne kwa 3, hivyo hivyo hadi mwisho, kisha jumlisha. Tarakimu ya 13 inatakiwa ikamilishe jumla hiyo ifike kwenye kumi kamili. Jaribu na hii: 9780306406157. Jumla ya 12 za mwanzo kwa kupokezana 1 na 3 ni 93. Ongeza 7 ya mwisho, 100. Imekubali. Namba ikikataa, mtu ameibuni au amekosea kuinakili. Ikikubali bado hujamaliza, maana mwizi anaweza kunakili namba halali: linganisha iliyo nyuma ya jalada na iliyo ndani, nyuma ya ukurasa wa jina la kitabu. Kwenye ile nakala yetu ya wizi hazikufanana. Ya nje ilikuwa ya jalada gumu, ya ndani ilikuwa ya jalada laini, maana ndilo walilolipiga picha.

Ukiwa kwenye ukurasa huo huo, tafuta mstari wa tarakimu, labda 10 9 8 7 6 5 4 3 2 1, au umepangwa kwa kupokezana 1 3 5 7 9 10 8 6 4 2. Namba ndogo kuliko zote iliyobaki ndiyo awamu ya uchapaji. Ukiona 1, umeshika awamu ya kwanza. Ukikuta ndogo kuliko zote ni 9, basi mchapishaji amerudi kiwandani mara nane baada ya ile ya kwanza, na hiyo kwangu ni habari nzuri kuliko chochote kilichoandikwa juu ya jalada.

Halafu mshono. Shika kitabu kimefungwa, kilete kwenye mwanga, uangalie mgongo kwa juu, pale kurasa zinapoingia. Kitabu kilichoshonwa utaona vitita vidogo vidogo vilivyokunjwa, kama marinda yaliyobanwa kiunoni. Ukifungua katikati ya kitita utauona uzi. Kisichoshonwa utaona karatasi zimenyooka kama bunda la risiti, zimeshikwa na gundi peke yake. Nisikudanganye: vitabu vingi vipya vya jalada gumu, hata vya wachapishaji wakubwa, siku hizi ni vya gundi. Siyo wizi. Ila ujue kitahitaji mkono mwepesi zaidi. Ule utepe wa rangi juu ya mgongo usikupumbaze pia, mara nyingi ni pambo lililobandikwa na haushiki kitu.

Mwisho, karatasi na wino. Herufi za halali zina kingo kali hata kwenye nukta. Za kupigwa picha huwa na ukungu, na kurasa nyingine zimelala upande. Karatasi ikiwa nyeupe na nzito kama ya kutolea fotokopi, itilie shaka.

Kitabu kipya usikifungue kwa nguvu katikati, mgongo utavunjika siku ya kwanza. Kisimamishe mezani kwa mgongo wake. Laza jalada la mbele mpaka liguse meza, kisha la nyuma, ukiwa umeshika kurasa zote wima. Laza kurasa kumi za mbele, zipitishie kidole karibu na mgongo, usisukume. Kisha kumi za nyuma. Mbele, nyuma, mbele, nyuma, mpaka ufike katikati. Utasikia gundi inalegea kwa sauti ndogo sana. Mzee wa bandari alitufundisha hili. Alilijifunza kwenye vitabu vikubwa vya kuandikia mizigo ya meli. Kazi hii sasa ni yake, na siku ya kitabu kipya huja amenawa mikono mpaka kwenye viwiko.

Lile karatasi la juu linalovishwa jalada, sisi tunaliita koti. Livue. Linabaki kwangu limenyooshwa ndani ya bahasha mpaka kitabu kirudi. Kitabu chenyewe husafiri ndani ya mfuko ninaoushona mwenyewe, nawe unaweza: kata kitenge upana sentimita 25, urefu 70, na kipande cha pamba cha vipimo hivyo hivyo kiwe bitana. Shona bitana na kitenge pamoja, kunja kutoka chini sentimita 28, piga mshono pembeni huku na huku ukiacha sentimita moja na nusu. Zinazobaki 14 ni kifuniko. Kitabu cha kawaida cha jalada gumu, kama sentimita 24 kwa 16, kinaingia bila kubanwa, hata kikiwa na unene wa vidole viwili. Usiweke zipu, inakwaruza.

Kila mtu hukaa na kitabu wiki mbili. Wiki 14 kwa watu saba, miezi mitatu na siku chache, na kitabu kinachofuata kinakuwa kimeshafika. Anayechelewa halipi faini. Anakuja Jumapili anaeleza mbele ya wenzake ni nini kilimkwamisha, na mara nyingi maelezo hayo ndiyo huzaa mazungumzo bora ya siku hiyo.

Ziwa ni jirani mzuri, ila kwa vitabu lina madhara yake. Rafu yangu nimeiacha upana wa kiganja kutoka ukutani, kwa sababu ukuta huu wakati wa masika hutoka jasho. Vitabu visibanane, kidole kipite kati yake. Usivifunge kwenye mfuko wa plastiki ukidhani unavikinga. Plastiki ni ya kuvukia maji tu, saa zile za melini kwenda Nansio, na kijana wetu huivua akishafika gati. Ndani ya plastiki unyevu hukosa pa kutokea, na baada ya wiki jalada linaota ukungu wa kijivu. Ukiuona, peleka kitabu kivulini penye upepo, simamisha kurasa ziwe wazi, na ukishakauka ufute kwa kitambaa kikavu kuelekea nje. Juani hapana: jalada linapinda na halirudi.

Wale wadudu wa ziwani wanaoinuka kama moshi, wakija usiku hufuata taa. Msomaji akigeuza ukurasa, wanasagika, wanaacha doa la kijani lisilotoka. Dereva wa bajaji alitafuta dawa yake: taa anaiweka mbali, upande wa mlangoni, yeye anasomea mwanga mdogo chini ya chandarua.

Na harufu. Kitabu kimoja cha tawasifu kilikaa wiki mbili jikoni kwa mama wa dagaa, juu ya gunia. Aliyefuata kukichukua alishindwa kumaliza ukurasa mmoja. Mama aliona aibu, nami sikutaka aache kusoma kwa ajili hiyo. Tulikiweka kwenye boksi la kadibodi, kimesimama na kurasa wazi kidogo, na chini bakuli la mkaa mkavu ambao haujawashwa, tukafunika. Siku ya tisa kilikuwa kinanuka karatasi. Sasa mama ana kisanduku chake cha mbao sebuleni; alikwenda mwenyewe kwa seremala akiwa na vipimo: 24 kwa 16, unene vidole vinne, ili kikija kitabu kinene kiingie.

Kitabu kikimaliza mikono saba kinarudi kwangu, navisha koti, naandika ndani ya bahasha majina ya waliokisoma na tarehe, na kinapanda rafuni. Mtu wa nje akitaka kuazima anaacha kitambulisho chake na namba ya simu, anapewa wiki tatu. Kwa sasa nafasi ya kitabu cha 19 iko wazi. Kiko Nansio, kinarudi Jumamosi.